Mbwa wa Shamba na Maji ya Mara Saba

Tuliporudi Mute, kijijini kwetu karibu na Palma, baada ya ile miaka ya kukimbia vita, tulikuta nyumba haina bati, kisima kimejaa majani, na shamba la mama lina wenyewe. Nyani walikuwa wamehamia. Zamani walipita tu, wakaiba na kutoroka kwa aibu kidogo. Sasa walikuwa wakazi. Walikaa juu ya mikorosho aliyoipanda baba, wakatutazama tukifika na mizigo kichwani, na mmoja mkubwa, mwenye kifua kipana na uso wa karani aliyekatizwa chakula, alibaki ameketi katikati ya njia. Mama akamzunguka. Kwa kweli hilo liliniudhi kuliko bati.

Msimu wa kwanza tulilima sisi, wakavuna wao. Wanawake wote wa huku wanajua kwamba nyani hamwogopi mwanamke. Anamwogopa mwanamume, na anamwogopa mbwa. Mwanamume wa nyumba yetu alishatangulia mbele ya haki, basi mama akatoa koti lake sandukuni, akavaa na suruali yake na kofia yake, akapanda juu ya dungu, kile kichanja cha miti tunachokaa kulinda mazao, akakunja uso. Nyani walidanganyika siku mbili. Siku ya tatu mama alikohoa. Nadhani walikitambua kikohozi, maana waliingia wote kwa pamoja, na hawakutoka mpaka walipomaliza mstari wa mwisho.

Hapo ndipo kaka yangu alipoingilia. Kaka ndiye mkubwa wetu, anaishi Nampula, ana nyumba ya vigae na chumba kimoja kitupu ambacho kila akipiga simu lazima akitaje. Alimwambia mama kwamba magoti yake yamechoka, shamba limemshinda, aje akapumzike. Mama alibishana naye mpaka chaji ikaisha. Siku ya pili wakakubaliana: msimu mmoja tu zaidi. Nyani wakila tena, mama anafunga mzigo na kwenda Nampula. Mahindi yakibaki, anabaki.

Mama yangu ni mtu wa neno lake, na hilo ndilo lililonitia hofu. Nilijua kwamba angekwenda kweli. Angekaa katika kile chumba cha vigae, angesema asante kwa kila kitu, na angekwisha polepole kama sabuni. Na mimi ningebaki peke yangu. Nafundisha darasa la tatu kwa zamu ya asubuhi hapo kijijini, sina mume, sina uvumilivu, na mtu pekee anayeweza kunivumilia ni yeye.

Mjomba, mdogo wake mama, ndiye aliyeleta mbwa. Mjomba huvuka mto Rovuma kila mara kwa biashara zake, vitenge na mafuta ya kupikia, na siku moja alirudi kwa njia ya Nhica na pakacha limefungwa nyuma ya pikipiki. Ndani ya pakacha mlikuwa na mbwa mchanga wa rangi ya udongo, masikio makubwa, miguu ya kuazima. Mjomba alisema ametoka kwa wawindaji Wamakonde, mama yake mbwa huyo alimfukuza chui.

"Na baba yake?" mama akauliza.

"Baba yake hakutajwa, dada."

Mama akatikisa kichwa, kwa maana hilo lilieleza mengi.

Sasa, sisi ni watu wa pwani. Kwetu hakujawahi kuwa na mbwa. Mama alimwita jirani yetu, mwalimu wa madrasa, mtu mpole mwenye kuvaa kanzu nyeupe hata akienda kuchimba muhogo, akamuuliza kama nyumba yetu inaharibika. Mwalimu alitueleza vizuri. Mbwa wa kulinda shamba ameruhusiwa, hilo halina ubishi. Alale shambani, asilale nyumbani. Jambo la kuangalia ni mate yake. Akikulamba, unaosha pale alipolamba mara saba, na mara moja kati ya hizo kwa udongo safi. Alipokuwa anaondoka, mbwa alimfuata taratibu akamlamba kisigino. Mwalimu alisimama, akafumba macho, akasema, "Haya, na tuanze kwa mfano." Tukamwoshea palepale.

Nieleze kuhusu maji, maana bila hayo hakuna atakayetuelewa. Shambani kwetu hakuna maji. Yanatoka kisimani kijijini, nusu saa ya kutembea, dumu kichwani. Mama aliweka dumu moja la njano chini ya dungu, na kando yake kifuu cha nazi kilichojaa udongo aliouchekecha mwenyewe. Kila ulimi wa mbwa ulikuwa na gharama yake kichwani mwa mtu. Kulambwa mkono ilikuwa robo ya dumu. Kulambwa mguu mzima ilikuwa safari mpya ya kisimani. Ndiyo maana tangu siku ya kwanza, sote tuliishi na yule mnyama kwa hatua tatu kati yetu.

Kazi ya kumfundisha nilijitwika mimi. Nilifikiri, nimefundisha watoto sabini katika darasa lenye madawati tisa, mbwa mmoja atanishinda kwa lipi? Nikatafuta video kwenye simu. Nikampata Mbrazili mmoja mnene, mchangamfu, anayeeleza kwa Kireno cha kwao kwamba kuna amri tatu za mwanzo: kaa, njoo, acha. Na siri ya zote ni moja. Mbwa akitii, mpe kitu kitamu, mpapase kichwani, mkumbatie, mwambie kwamba ni mzuri. Mama alikuwa anatazama begani kwangu.

"Kumkumbatia atamkumbatia nani?" akauliza.

Tulianza na amri ya kukaa. Mbrazili alisema useme "kaa" huku ukimkandamiza mbwa kiunoni kwa kiganja. Mama alikwenda jikoni akarudi na upawa wa zamani, ule wa kifuu wenye mpini mrefu uliokuwa umepasuka, akanikabidhi kwa heshima kama ananikabidhi bendera. Basi nikawa namkandamiza kwa upawa. Akikaa, namrushia kichwa cha dagaa, kisha nampapasa kichwani kwa upawa, nikimwambia kwamba ni mzuri. Wapita njia walisimama. Mwanamke mmoja aliyekuwa na mzigo wa kuni alitazama mwanzo hadi mwisho, akaniuliza kama nampakulia.

Niseme haki: alijifunza. Baada ya siku nne ukisema "kaa" anakaa, mkia unafagia vumbi. Tatizo tulilogundua baadaye ni kwamba hakuwa anasikiliza neno. Alikuwa anautazama upawa. Ukisema "kaa" mikono mitupu, anakutazama kwa huruma. Ukiinua upawa na kusema lolote, hata ukihesabu kwa Kireno, anakaa. Siku moja alikatiza uani kwa jirani, akamkuta mke wa mwalimu wa madrasa anakoroga mchuzi, akakaa mbele ya chungu na kukataa kuondoka mpaka mchuzi ulipoiva na upawa ukawekwa chini.

Amri ya pili ndiyo iliyotuharibia. Tulisimama mimi huku, mama kule, shamba katikati yetu, mahindi yamefika kiunoni. Mama akaita, "Njoo." Mbwa akaja. Mbrazili asingeamini jinsi alivyokuja: masikio nyuma, ulimi nje umening'inia upande, mate yanaruka hewani, furaha tupu. Na mama, aliyekuwa ametia udhu wa adhuhuri, alimwona anavyokuja, akakumbuka dumu, akapandisha kanga yake juu ya magoti na kukimbia.

Alizunguka dungu mara mbili. Mbwa nyuma yake, hajawahi kufurahi namna ile tangu azaliwe. Mama akapanda ngazi ya dungu kwa kasi ambayo sikujua kwamba anayo, akakaa juu, anahema, akasema, "Haya, zamu yako."

Nikaita, "Njoo." Nilikuwa nimejiandaa kusimama. Nilijiambia, wewe ni mwalimu, umesoma, huyu ni mbwa tu, na maji yapo. Nilisimama mpaka alipofika hatua tano. Kisha nilikimbia hadi barabarani.

Kila siku, wiki tatu nzima, tulifanya hivyo. Kila siku tulisema leo hatukimbii, na kila siku tulikimbia. Mjomba alikuja akacheka mpaka akakaa chini, akasema sisi ni wanawake waoga, akavua viatu, akaita "njoo" kwa sauti ya kiume, na tukamwona mjomba na kitambi chake anaruka matuta ya mihogo moja baada ya jingine, anamwita Mola wake. Mwalimu wa madrasa pekee ndiye ambaye hakukimbia. Alikuwa na busara ya kutoita.

Nimefundisha miaka kumi na moja, na najua kitu kimoja: mwanafunzi hajifunzi unachosema, anajifunza kinachofuata. Na kwa mbwa yule, neno "njoo" lilifuatwa na mtu kupandisha nguo na kukimbia. Basi akaelewa kwamba ndiyo maana yake. Njoo ni mchezo, mtu anatangulia, mbwa anafukuza. Aliupenda kuliko chakula. Amri ya tatu, "acha," hatukufika hata kuianza.

Nyani walikuwa wanatazama masomo yote kutoka mkoroshoni. Siku za mwanzo waliposikia harufu ya mbwa walisogea nyuma, na mama aliota matumaini. Lakini mbwa hakuwa na haja nao hata kidogo. Walipoona hivyo wakashuka. Mahindi yalikuwa yameanza kubeba. Nilimkuta mbwa amelala kivulini, na hatua kumi kutoka kwake yule nyani mkubwa mwenye uso wa karani anamenya hindi changa, anatupa maganda upande wa mbwa. Nilimwelekeza. Nilimsukuma kwa upawa. Akakaa. Nilitukana siku hiyo, kwa lugha mbili, na sijutii.

Mwishoni mwa mwezi kaka akapiga simu kwamba anakuja. Sauti yake ilikuwa ya mtu ambaye amekwisha tandika kitanda.

Alifika Jumamosi, amevaa viatu vya ngozi vilivyong'aa, amekodi gari ndogo ya mtu wa Palma iwachukue kesho yake asubuhi. Alikwenda shambani, akahesabu kwa macho. Robo ya mahindi ilikwisha liwa, na yaliyobaki ndiyo kwanza yalikuwa yanakaza punje. "Na huyu ndiye mbwa?" akauliza. Mama alisema ndiye, na amefundishwa. Kaka akamwambia mbwa akae. Mbwa akamtazama. Upawa ulikuwa umebaki jikoni. Kisha kaka akasema, "Njoo," na akasimama wima, kwa kuwa hakuna aliyemwambia la kufanya. Mbwa alikuja mbio, akafika, akasubiri. Kaka hakukimbia. Mbwa alimzunguka, akamnusa, akalamba kiatu kimoja kwa adabu, akaenda zake kulala. Sijapata kuona mnyama akivunjika moyo namna ile.

"Mama," kaka akasema, kwa upole, na upole wake ndio ulioniumiza, "tulikubaliana."

"Tulikubaliana," mama akasema.

Hakulia. Jioni alikunja kanga zake, akafunga Msahafu katika kitambaa, akanigawia sufuria. Nilimwambia asiende. Alisema alitoa neno. Nilimwambia neno lake ni la kipuuzi, na nyani ni wanyama wa kipuuzi, na kaka ni mpuuzi kuliko wote, naye akaniongezea kinu.

Asubuhi ya Jumapili mama hakuwapo nyumbani. Kaka alidhani amekwenda kuaga majirani. Mimi nilijua. Tulifuata njia ya shamba, kaka anakwepa umande kwa ajili ya viatu vyake, ananieleza kwamba Nampula kuna daktari wa magoti na kwamba mama hawezi hata kupanda ngazi tatu bila kushikwa. Tulikuwa hatujafika kwenye mikorosho tuliposikia sauti yake.

"Njoo. Njoo, baba, njoo."

Kisha tukamwona. Kundi zima la nyani lilikuwa upande wa chini wa shamba, labda thelathini, wanavunja mahindi bila haraka, maana aliyekuwapo ni mwanamke tu. Mama alikuwa upande wa juu. Alikuwa amevaa koti la baba, amepandisha kanga na kuikaza kiunoni, miguu yake myembamba iko nje, na alikuwa anakimbia. Mbwa alimfuata nyuma, masikio yamelala, ulimi nje, anabweka kwa furaha.

"Anafukuzwa," kaka akasema, akaanza kukimbia kumwokoa.

Nami nilifikiri vilevile, kwa pumzi moja. Halafu nikaona anakokwenda. Hakuwa anazunguka dungu. Alikuwa anakwenda moja kwa moja kwa nyani. Aliwapitia katikati, anapiga kelele, koti la baba linapepea, na nyuma yake mbwa wa wawindaji, mwana wa mama aliyefukuza chui, amefungua mdomo wote. Nyani hawakujua kwamba mbwa anamtaka mama. Walichoona ni mbwa anakuja. Walitawanyika wakirukiana, watoto wao wakining'inia matumboni, mahindi yanadondoka. Yule mkubwa alibaki ameketi, mpaka mama alipompita upande wa kushoto na mbwa akalazimika kumruka. Ndipo akakumbuka kwamba ana shughuli msituni.

Mama alifika mpakani, akageuka. Wengine walikuwa wamejibanza upande wa mihogo. "Njoo," akaita tena, na akakimbia huko. Alimpeleka yule mbwa kila pembe ya shamba. Wiki zote zile mimi nilikuwa nasikitika kwamba mbwa hajifunzi. Yeye alikuwa anatazama mbwa amejifunza nini.

Aliposimama shamba lilikuwa tupu. Alikaa chini kwenye tuta, miguu ameinyoosha, kifua kinapanda na kushuka, na mbwa aliyekuwa akimfukuza kwa mwezi mzima hatimaye alimpata. Alimlamba kuanzia kisigino hadi goti, mguu wa kulia, kisha wa kushoto, bila kuruka mahali. Mama hakuwa na pumzi ya kumkataza. Au labda alikuwa nayo.

Kaka alifika, akasimama juu yake, viatu vimejaa matope. "Mama, magoti," akasema.

"Yanauma," mama akasema. "Yalikuwa yanauma hata kule kambini, na pale nilikuwa nimekaa tu." Akapumua. "Nshakimbia sana mie, mwanangu. Nilikimbia nikaliacha shamba, nikakimbia tena, nikakaa kwa watu. Sijakataa kukimbia. Lakini kama ni kukimbia, niacheni nikimbilie humu humu."

Barabarani dereva alipiga honi. Alipiga mara ya pili. Kaka alitazama kule, kisha akatazama mahindi, yale robo tatu yaliyosimama. Mimi nilikuwa nalia na kucheka, na nilikuwa tayari kumpiga kwa chochote kama angefungua mdomo vibaya.

"Basi usisimame hapo," mama akamwambia. "Lete dumu. Mguu mzima huu, miwili."

Kaka alileta dumu. Alipiga magoti mbele yake, suruali ya Nampula kwenye udongo, akammiminia maji kuanzia gotini, anasugua kwa mkono, anahesabu kwa sauti ndogo. Honi ililia tena na hakuinua kichwa. Alipofika ya tano akajifuta uso kwa bega, akasema, "Sita," kisha akasema, "Au ilikuwa sita ile?"

"Ukipotea hesabu, anza upya," mama akasema. "Na udongo hujatia."

Kifuu kilikuwa mbali, chini ya dungu, na maji yalikuwa yanaisha. Kaka akafukua kando ya shina la hindi, pale ambapo hakuna mtu wala mbwa aliyekanyaga, akachota viganja viwili vya udongo wa shamba lile, akampaka mama miguuni, akaanza kutoka moja.